Lodi Aliyeniposea Mke

Mchana wa Oktoba hapa Johannesburg una usingizi ndani yake. Mijakaranda inamwaga maua ya zambarau barabarani, magari yanapita juu ya maua hayo taratibu, na mtu aliyeketi nyuma ya cherehani anaweza kumaliza mguu mzima wa suruali huku akili yake iko Muheza, utotoni, ikisikiliza mvua juu ya bati. Mimi ni fundi nguo. Meza yangu iko kwenye ujia wa maduka ya zamani huku Randburg, katikati ya duka la simu na saluni ya nywele, na karibu yote ninayoyakumbuka kuhusu yule mzee yananijia pamoja na mwanga wa saa hizo, mwanga uliokwisha kupita kwenye vitambaa vilivyotundikwa kabla ya kunifikia mimi. Ndiyo maana kuna siku nasita kuyaamini.

Lakini alikuwepo. Mke wangu ni shahidi, na mke wangu si mtu wa kuota mchana.

Alikuja mara ya kwanza na suruali mbili mkononi, Mwingereza mrefu, mkavu, mgongo umenyooka kuliko wa askari wa lango letu. Nikamkaribisha kwa Kiingereza. Simu yangu ilikuwa pembeni ikisoma taarifa ya habari ya nyumbani. Akaisikiliza kidogo, kisha akasema kwa Kiswahili, "Ningeomba zipunguzwe kiuno, fundi, ikiwa si taabu kwako." Sindano nusura inichome. Kiswahili kilichopigwa pasi namna ile sikuwa nimekisikia hata Tanga. Nikamuuliza kama ni padri. Akasema hapana, alikuwa balozi, kisha akawa mwanasiasa, na kwamba watu wengi kwao wangeshangaa sana kusikia amefananishwa na padri.

Kwamba alikuwa pia lodi, mwenye cheo cha kurithiwa huko Uingereza, hilo hakulisema kwa kutaka. Lilimponyoka siku nilipokuta jina la mtu limeshonwa ndani ya mfuko wa koti lake, nikamuuliza kama ni lake. Lilikuwa la kaka yake. Kaka ndiye aliyezaliwa kurithi cheo na nyumba, akafa kijana, na vyote vikamwangukia mdogo, koti likiwemo. "Mabega yake hayakuwa mabega yangu," akasema, "lakini nimelivaa hivyo hivyo maisha yangu yote." Nikampunguzia mabega. Alipolijaribu alisimama mbele ya kioo muda mrefu, nami nikakasirika, nikidhani ameona mshono umepinda.

Niseme mapema kwamba mimi ni mtu wa hasira za karibu. Vijana wa duka la simu walimwita madala, ndivyo wanavyowaita wazee mji huu. Mimi nilimwita mzee na kumwamkia shikamoo kila siku, ila akinichosha nilimwita Lodi. Alinichosha mara nyingi. Kulikuwa na siku alikuja bila suruali wala koti la kurekebisha, akaketi tu kwenye kiti cha wateja akafumba macho. Mteja halisi akija ilibidi asimame. Nilimwambia, "Lodi, hiki kiti kinanilisha." Akasema, "Basi nitasimama akija mtu," na kweli akija mtu alisimama, akampisha kwa adabu zote kana kwamba ni ukumbi wa ikulu, na mteja akasahau alichofuata.

Ukweli ni kwamba nilizoea, na baada ya kuzoea nilipenda. Sauti ya cherehani ilimlegeza. Alizungumza akiwa nusu macho nusu usingizini, kwa kile Kiswahili chake cha Unguja ya zamani, na maisha yake yakapita mezani kwangu vipande vipande bila mpangilio. Nyumba walimozaliwa yeye na kaka yake ilikuwa na madirisha mengi mno hata aliajiriwa mtu wa kuyasafisha tu, na alipofika la mwisho, la kwanza lilikuwa limechafuka tena. Utotoni alikuwa anaogeshwa, anachanwa nywele, anateremshwa ngazi kwenda kumsalimu mama yake kabla ya chakula cha jioni, kisha anarudishwa juu.

"Kama mgeni?" nilimuuliza.

"Kama mgeni mwenye nidhamu," akajibu, macho yamefumbwa.

Kituo chake cha kwanza kilikuwa Dar es Salaam, akiwa kijana. Huko ndiko alikopata mwalimu, mzee wa Kizanzibari aliyegonga meza kwa rula kila alipokosea ngeli. Kisha zikafuata nchi za baridi, nchi za joto, nchi zilizobadili majina baada ya yeye kuondoka. Alinieleza habari za meza ndefu za chakula ambako ugomvi wa mataifa mawili ulitegemea nani amekaa karibu na nani. Mwishowe alirudi kwao, akaingia kwenye lile baraza la juu la bunge lao ambako mtu aliweza kuketi kwa sababu tu ya kuzaliwa, akawa naibu waziri, akasafiri tena. Aliyasema haya yote bila majivuno na bila majuto, kama mtu anayetaja vituo vya basi. Siku nyingine miji ilimchanganyikia. Mto wa mji mmoja ulipita chini ya daraja la mji mwingine, na theluji ikaanguka kwenye bustani niliyokuwa na hakika ni ya Dar. Sikumsahihisha. Nilikanyaga cherehani polepole ili asiamke.

Kuhusu mkewe alisema machache sana. Alisema mke alizaliwa hapa Johannesburg, na fleti anayoishi yeye sasa, juu ya mtaa wetu, ilikuwa ya mke huyo. Ukimchokonoa zaidi, alikuuliza bei ya vifungo.

Sasa nije kwenye saluni. Aliyesuka nywele pale alikuwa binti wa Kikongo, aliyeletwa mji huu kutoka Lubumbashi akiwa mdogo wa kubebwa mgongoni. Na wateja aliongea Kizulu na Kiingereza, na mama yake kwenye simu aliongea Kiswahili cha Katanga, na mimi alinicheka. "Wewe unaongea sawa redio," aliniambia siku ya kwanza tuliyozungumza. Yeye ndiye aliyekuwa akimletea yule mzee chai kwenye kikombe kikubwa cha saluni, na akikuta amelala aliiweka chini ya kiti na kuifunika kwa kitambaa changu, kitambaa cha mteja, bila kuniuliza. Nilimpenda. Nalisema wazi kwa sababu mengine katika kumbukumbu hizi yana ukungu. Hili halina.

Naye alinipenda, lakini ukoo wake ulikuwa safarini. Walikuwa wamepata nafasi ya kuhamia Kanada kwa ndugu wa mama, na wangeondoka baada ya Pasaka. Binti asiyeolewa angekwenda na wazazi wake, hilo halikuwa na mjadala. Na Kanada si Soweto, kwamba ningepanda taksi Jumapili nikamtembelea. Akipanda ile ndege, ndiyo basi tena.

Nikajikaza, nikaenda kwa baba yake, Yeoville, peke yangu. Alikuwa mwalimu huko kwao, na hapa alikuwa mlinzi wa bohari moja Newtown, mtu mfupi, mpole, mwenye kusema kila neno kama anaandika ubaoni. Alinisikiliza mlangoni mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Umekuya na nani?"

"Peke yangu, baba."

"Mutu haombi muke peke yake," akasema. "Kama uko na batu, kuya na batu yako. Kama hauna batu, mutoto wangu atakwenda kukaa na mutu hana batu?" Akafunga mlango kwa utaratibu kabisa.

Nilishuka ngazi za jengo lao nikiwaka, lakini nilijua hata kwetu Muheza ningejibiwa hivyo hivyo. Wazazi wangu wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Watanzania niliowajua hapa mjini walikuwa vijana wenzangu, na mmoja tu wa makamo, ambaye alikuwa amegombana na Wakongo wa mtaa ule kwa mambo yake mwenyewe. Nikakaa siku nyingi nashona bila kusikia ninachoshona.

Wazo lilikuwa la binti. Alisimama mlangoni pa saluni, akaelekeza kitana kwenye kiti cha wateja, alipolala yule mzee mdomo wazi kidogo. "Na ule?" akasema. "Si njo ilikuwa kazi yake, kusemea batu?"

Nilicheka. Kisha nikaacha kucheka.

Tulipomweleza alilitamka neno taratibu. "Mshenga." Akaliangalia hewani. "Hicho ni cheo ambacho sijawahi kupewa." Na kuanzia siku hiyo alinitoa jasho. Alitaka kujua nani anaingia kwanza, viti vina kimo kimoja au vya wenyeji viko juu, kinywaji cha kwanza kinapokelewa au kinakataliwa kwa adabu, kuna jambo gani lisiloguswa, na kama wakati wa kutoka mtu anarudi kinyumenyume. Nikamwambia, mzee, unakaa tu, unaomba.

"Kuomba," akasema, akawaza. "Hapo ndipo sina uzoefu. Sisi tulikuwa tunapendekeza."

Kazi yangu mimi ilikuwa moja, kunyamaza. Mchumba hana mdomo siku ile, mdomo wake ni mshenga. Mzee alinifanyisha mazoezi hata ya hilo. Alinitukania mshono wangu makusudi ili aone kama nitajibu. Nilijibu kila mara.

Tulikwenda Yeoville Jumamosi mchana kwa gari la kuazima. Alivaa lile koti la kaka yake na tai ya hariri iliyofifia. Mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa kusini, na kila robot, ndivyo wanavyoziita taa za barabarani hapa, iliyotusimamisha alitazama nje kwa utulivu wa mtu anayepelekwa kwa rais kuwasilisha hati zake. Mimi niliushika usukani kwa mikono miwili. Kwenye ngazi alipumzika kila ghorofa, ameegemea ukuta, na watoto wakatoka milangoni kumtazama. Walimsalimia kwa Kizulu na yeye akawajibu kwa Kiswahili, wakacheka, wakatufuata mpaka juu. Harufu ya sombe, kisamvu chao, na samaki ilitushukia kutoka ghorofa ya tatu.

Sebule ilikuwa imepangwa. Baba katikati, kimya. Mjomba wa binti, ndugu wa mama, upande wake wa kulia, ndiye msemaji wa ukoo. Mama karibu na mlango wa jikoni, kwenye kiti cha chini, kitenge kipya. Binti alikuwa amefungiwa chumbani, nami niliweza kuona kivuli cha miguu yake chini ya mlango.

Mzee alianza vizuri mno. Aliisifu njia tuliyopita, akaisifu mvua inayokuja, akasema kuna nyumba mtu anaingia akahisi ametarajiwa, na nyumba ile ni mojawapo. Mjomba alikuwa anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hata baba alilegeza uso. Nikaanza kuota kwamba mambo yamekwisha, na katika ndoto hiyo nikamwona mzee anainuka, anamgeukia mama wa binti, anainama kutoka kiunoni kama walivyomfundisha katika ile nyumba ya madirisha.

"Nawe, bibi yangu," akasema, "nimefika kwako na ombi moja."

Maneno hayo hayakuwa ya ndoto. Nikaamka.

Kwetu bara na pwani ya leo, bibi ni mama wa mama au wa baba yako. Katika Kiswahili cha yule mwalimu wa rula, bibi ni mwanamke wa heshima, na bibi yangu ni adabu juu ya adabu. Lakini Lubumbashi bibi ni mke. Nililijua hilo. Nimelisikia kila siku saluni, bibi ya fulani kafanya hivi, bibi ya fulani kasema vile. Halikunijia hata mara moja kumwonya mzee, maana mimi mwenyewe nilimwita yule mama, mama. Basi mgeni alikuwa ameingia kwenye sebule ya watu, ameinama mbele ya mke wa mwenye nyumba, na kumwita "mke wangu."

"Anasema nini?" baba akamuuliza shemeji yake, ingawa alisikia. "Bibi yake? Mu nyumba yangu, na miye niko hapa nakaa?"

Nilifungua mdomo. Mjomba akainua kidole kimoja, nikaufunga. Sijawahi kuchukia watu wengi kwa wakati mmoja kama siku ile. Nilimchukia Lodi, nikamchukia yule mwalimu wake aliyekwisha kufa, nikamchukia na mtu wa kwanza aliyepeleka Kiswahili Kongo.

Mzee aliona kwamba kuna kitu kimevunjika, ila hakujua ni kipi. Nikaona uso wake ukijifunga vifungo vya kazi. "Nasikitika," akasema kwa sauti nzuri, tulivu, "ikiwa neno langu limefahamika visivyo."

Ilikuwa sentensi safi. Nadhani ilimvusha mahali pengi duniani.

"Kumbe ni sisi njo hatusikii Kiswahili," baba akasema. Mjomba akaanza kufunga koti lake, na kile kivuli cha miguu chini ya mlango kikaondoka. Nikaiona Kanada. Niliiona kabisa, nyeupe, haina mwisho, na yeye ndani yake mdogo anaelekea mbali.

Lakini baba alikuwa mwalimu, na mwalimu hukuuliza swali hata akishakupa sifuri. "Mzee," akasema, "wewe uko na bibi? Wako, wa kwako mwenyewe?"

Mzee akanigeukia. "Fundi," akaniuliza kwa sauti ya chini, "kwao bibi ni mke?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Kutikisa kichwa si kusema.

Akaketi. Hakuketi kama alivyoketi mwanzo. Alishuka kidogo kidogo, mkono ukitafuta kiti nyuma yake, na alipofika chini koti lilionekana kubwa tena, pamoja na kazi yangu yote ya mabega. Akatazama mikono yake. Nje ngurumo ya kwanza ikapita juu ya Yeoville.

"Nilikuwa naye," akasema. "Alizaliwa mji huu. Alinifuata nchi zote nilizopelekwa, akapamba nyumba ambazo hazikuwa zetu, akawachekea watu asiowapenda. Alipougua alisema anataka kurudi kwao. Akaniambia, njoo nami. Nikamwambia tangulia, kuna mswada bungeni, tukishapiga kura nitakuja. Tukapiga kura. Ukaja mwingine. Kila alipopiga simu nilimwambia, wiki ijayo. Nilikuwa hodari sana wa kusema wiki ijayo. Nimewasubirisha marais kwa maneno hayo wakaridhika." Akafumba macho. Nilidhani amesinzia kama anavyosinzia kwangu. "Alifia kule Randburg, mchana, akiwa na muuguzi. Mimi nilifika kwa mazishi. Nikaingia kwenye fleti yake nikakuta amenitandikia upande wangu wa kitanda."

Mtoto mmoja mlangoni alivutwa nyuma na mwenzake.

"Bwana," mzee akamwambia baba, "nimekukosea ndani ya nyumba yako. Sikulijua neno, lakini kosa ni langu. Nisamehe." Kisha akamgeukia mama, na safari hii hakuwa na jina la kumwita. "Na wewe unisamehe."

Hakukuwa na "ikiwa" ndani ya ombi hilo. Nimeishi jirani na kiti kile miaka, na hilo sikuwahi kulisikia kwake.

Aliyejibu alikuwa mama. Tangu tuingie hakuwa ametamka neno. "Ni miye njo aliita," akamwambia mumewe, macho yako kwenye kitenge chake anakinyoosha gotini. "Sasa acha miye nijibu. Ule mzee ananiita bibi yake sababu hana mwingine wa kuita. Minamusamehe."

Baba hakumtazama mkewe wala mzee. Alitazama dirisha. Wakati huo mvua ikaanguka, ile mvua ya mchana ya Johannesburg inayoshuka yote kwa mkupuo, na sebule ikawa ya kijani na kijivu, na kelele zake zikatupa sisi wote ruhusa ya kutosema. Sijui tulikaa hivyo muda gani. Ninapoikumbuka naona kama tulikuwa chini ya maji, watu wazima kwenye makochi yenye vitambaa vyeupe, kila mmoja na mtu wake akilini.

"Mvua imeanza," baba akasema mwishoni. "Hawawezi kutoka sasa. Mama, leta chai."

Mjomba akafungua koti lake.

Chai ikanywewa. Mahari ikazungumzwa kwa mafumbo na vicheko vya kujilazimisha, kisha vicheko vya kweli. Mzee aliomba. Alitumia neno lenyewe, naomba, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kama mtu aliyetoka kujifunza kupiga mluzi. Halafu binti akaitwa. Alitoka amefuta uso lakini macho mekundu, na baba yake akamuuliza mbele yetu, kama desturi yao inavyotaka, "Hawa batu, unabajua? Tupokee bitu byabo?"

Binti akamtazama mzee kwanza, mimi baadaye. "Ninabajua, papa," akasema. "Mupokee."

Wakati wa kurudi Randburg mimi ndiye niliyekuwa na maneno, maji ya barabarani yakipiga chini ya gari. Nilimwambia, kwa hasira iliyokwisha kugeuka kitu kingine, kwamba alinikata maini pale. Akasema, "Najua, fundi." Nikamwambia pia ahsante, nikalia, nikalazimika kusimamisha gari kando. Alinishika bega na kutazama mbele, kwa adabu, mpaka nilipomaliza.

Tulifunga ndoa kanisani kwa Wamethodisti kabla ya Kwaresima. Kisha Pasaka ikaja kama ilivyoahidi.

Uwanja wa ndege jioni waliyoondoka ulikuwa na mwanga mwingi hata watu hawakuwa na vivuli. Mabegi ya wakwe zangu yalikuwa yamefungwa kwa plastiki ya buluu. Mama alimshika binti yake kichwa kwa mikono miwili, akakiweka begani kwake, akakitoa, akakirudisha. Mke wangu hakuwahi kulala mbali na mama yule tangu kuzaliwa mpaka siku ya ndoa yetu. Sasa alikuwa anabaki kwenye mji huu bila mtu wa damu yake hata mmoja, na alikuwa anabaki kwa ajili yangu, fundi wa ujiani mwenye hasira za karibu. Nilijiona mdogo sana siku ile, na niliogopa.

Baba alimwendea mzee. Walisimama uso kwa uso, mmoja mfupi, mmoja mrefu.

"Mushenga hamalizi kazi siku ya ndoa," baba akamwambia. "Bakigombana, ni wewe bataita. Akimutesa, ni wewe nitauliza. Sasa wewe njo mukubwa wake hapa. Hakuna kuhama."

Nilingoja mzee aseme jambo zuri, la mviringo. Akasema, "Sihami."

Wakapita kwenye milango ya vioo. Mama aligeuka mara moja, na baada ya hapo ilikuwa ni migongo tu, ya wao na ya watu wengine, haitofautishiki. Mzee alikuwa ameinua mkono kuaga na hakuushusha. Alibaki hivyo hata baada ya kuwa hakuna wa kuagwa, abiria wakimzunguka na vigari vyao vya mizigo.

"Fundi," akaniambia, "sijui mtu anafanya nini baada ya hapa. Siku zote mimi ndiye niliyekuwa ninakwenda."

Aliyekuwa na jibu ni mke wangu. Uso wake ulikuwa umelowa wote, hakuufuta, akaja akaushika ule mkono ulioinuliwa, akaushusha, akaupitisha kwenye kwapa lake. "Tuende ku nyumba, papa," akasema.

"Nyumbani kwa nani?" mzee akauliza, kwa ile adabu yake ya kibalozi.

"Kwetu. Kule kwako kuko nani?"

Akafikiri kidogo, kisha akaenda naye.